Kigugumizi kwa watoto: Zijue kanuni za matibabu yake

SHUKRANI zote anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu, ambaye katika Suratur-Rahmaan ametaja kuwa miongoni mwa neema zake kwa mwanaadamu ni kumfundisha kusema na kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, kusema ni neema ambayo wengi wetu hatuuoni uzito wake, kwa kuwa haijawahi kututatiza. Lakini yupo mtoto ambaye kila asubuhi akiamka anaogopa kuulizwa jina lake. Yupo kijana aliyeacha shule kwa sababu ya kuchekwa kila aliposimama kujibu swali. Na yupo mwanafunzi wa madrasa aliyehifadhi juzuu yake barabara, lakini ustaadh anamhesabu kuwa mvivu kwa sababu akiitwa peke yake ulimi unamkwama. Juma hili, Insha Allah, tutazungumzia kigugumizi na kanuni zinazotumiwa na wataalamu wa tiba ya usemi katika kukitibu, ili kila mzazi, mlezi na mwalimu ajue wajibu wake.

Kigugumizi ni nini?

Kigugumizi ni kukatika kwa mtiririko wa usemi bila ya msemaji kukusudia. Msemaji anajua anachotaka kusema, lakini neno halitoki kwa wepesi. Hutokea kwa sura tatu. Ya kwanza ni kurudiarudia sauti au silabi, kama vile "ba-ba-ba-barua". Ya pili ni kuvuta sauti, kama vile "sssssamaki". Ya tatu ni kukwama kabisa, mdomo uko tayari lakini sauti haitoki. Pamoja na hayo, wengine hufumba macho, hukunja uso, hutikisa kichwa au hupiga mguu chini wakijaribu kulisukuma neno.

Hali hii mara nyingi huanza mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5, wakati maneno yanapoongezeka kwa kasi na sentensi zinaanza kuwa ndefu. Watoto wapatao 5 katika kila 100 huipitia. Wengi wao, takriban watatu hadi wanne katika kila watano, huachwa nayo kadiri wanavyokua. Kwa watu wazima anabaki nayo kama mtu 1 katika kila 100, na wanaume ni wengi zaidi kuliko wanawake.

Tuweke wazi pia kuwa si kila kusitasita kwa mtoto ni kigugumizi. Mtoto wa miaka mitatu anayesema "mimi, mimi nataka, nataka ile" anatafuta maneno tu, na hiyo ni hali ya kawaida ya kujifunza lugha. Cha kuangalia ni kurudia kipande cha neno mara nyingi, kuvuta sauti, kukwama, na hasa dalili za kutumia nguvu usoni na shingoni.

Kinasababishwa na nini?

Katika jamii zetu zimeenea sababu nyingi za kubuni. Husemwa kuwa mtoto alitekenywa sana, au alimwiga mwenye kigugumizi, au ana shetani, au mama yake alifanya jambo fulani akiwa mjamzito. Hakuna ushahidi wa kitaalamu unaothibitisha hayo.

Linalojulikana ni kuwa kigugumizi huwa na asili ya kurithi. Wengi walio nacho wana ndugu katika ukoo aliyekuwa nacho. Mwaka 2010 kundi la watafiti wa Marekani akiwemo Dennis Drayna lilitangaza kugundua mabadiliko katika vinasaba yanayohusiana na kigugumizi. Utafiti huo ulitegemea sana koo za Pakistan ambazo watu wengi wa ukoo mmoja walikuwa na tatizo hilo. Vilevile, picha za ubongo zimeonyesha tofauti katika njia za mawasiliano za upande wa kushoto, zile zinazounganisha sehemu za kupanga maneno na sehemu za kuyatamka. Kwa hiyo tatizo liko katika mpangilio na wakati wa kutoa sauti. Haliko katika akili ya mtoto, wala halitokani na malezi mabaya.

Hofu, haraka na uchovu havianzishi kigugumizi, lakini hukizidisha. Ndiyo maana mtoto huyo huyo anaweza kusema vizuri akiwa na paka wake, akakwama mbele ya mjomba mkali.

Mafunzo kutoka kwa Nabii Musa (a.s.)

Kabla ya kuingia kwenye kanuni za matibabu, na tutazame dua ya Nabii Musa (a.s.) iliyomo katika Surat Twaha, kuanzia aya ya 25. Alipotumwa kwa Firauni, alimuomba Mola wake amkunjulie kifua, amfanyie wepesi jambo lake, na amfungulie fundo lililokuwa katika ulimi wake ili watu wafahamu kauli yake. Kisha akaomba apewe msaidizi katika watu wake, ndugu yake Harun (a.s.).

Kuna mazingatio matatu hapa. Kwanza, alianza na kifua kabla ya ulimi. Pili, lengo lake lilikuwa kufahamika, wala hakuomba awe mfasaha kupita watu wote. Tatu, aliomba ndugu wa kumsaidia. Mwenye kusoma kanuni za tiba ya usemi atayakuta mambo haya matatu yanajirudia: kuondoa hofu, kulenga mawasiliano, na kuishirikisha familia. Na juu ya yote, Allah (s.w.) alimchagua Musa (a.s.) kusema naye, na fundo la ulimi halikupunguza daraja yake.

Kanuni ya kwanza: Pima kabla ya kutibu

Mtaalamu wa tiba ya usemi haanzi na mazoezi. Huanza na maswali. Tatizo lilianza lini? Lilianza polepole au ghafla? Nani mwingine katika ukoo analo? Mtoto mwenyewe analihisi? Amewahi kusema "siwezi" au kuacha kusema katikati?

Baada ya hapo atahakikisha kuwa masikio yanasikia, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri hupata shida ya usemi kwa sababu tofauti kabisa, na matibabu yake ni tofauti. Kisha atamsikiliza mtoto akizungumza na kuhesabu ni silabi ngapi katika kila 100 zimekwama. Mzazi naye hufundishwa kutoa alama kila siku, kwa mfano kuanzia 0 mpaka 9, ambapo 0 ni siku isiyo na kigugumizi na 9 ni siku mbaya kabisa. Alama hizo huandikwa kwenye daftari.

Faida ya kupima ni kubwa. Kigugumizi hupanda na kushuka chenyewe. Mtoto anaweza kukaa wiki mbili akisema vizuri, kisha kikarudi. Asiyepima atadhani dawa aliyopewa mtoto wiki ile ndiyo iliyomponya, na hapo ndipo watu wengi hulipa fedha kwa waganga wasiofanya lolote.

Kanuni ya pili: Anza mapema

Ushauri wa "muacheni, atakua nacho kitaisha" una ukweli ndani yake, kwa vile watoto wengi hupona wenyewe. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kusema kwa hakika mtoto wako yumo katika kundi lipi. Kwa hiyo wataalamu huruhusu muda wa kuangalia huku alama zikiandikwa, lakini hawapendi mtoto afike umri wa kuanza shule bila ya msaada. Ubongo wa mtoto mdogo ni mwepesi kujirekebisha, na bado hajajifunza kujionea haya.

Dalili zinazotaka mtoto apelekwe bila ya kungoja ni hizi: kigugumizi kimedumu miezi sita au zaidi, kilianza baada ya miaka mitatu na nusu, yupo mtu mzima katika ukoo ambaye hakikumuacha, mtoto anatumia nguvu au anakwama kabisa, mtoto ameanza kukwepa kusema. Kwa watoto wa kiume hadhari iwe zaidi, kwa kuwa kwao hudumu mara nyingi kuliko kwa wa kike.

Kwa watoto walio chini ya miaka 6, njia iliyofanyiwa utafiti zaidi ni ile iliyoanzishwa Sydney, Australia, na Mark Onslow na wenzake, inayojulikana kwa jina la kitongoji cha Lidcombe. Hapa mtibabu ni mzazi. Kila juma huenda na mtoto kwa mtaalamu, naye humfundisha la kufanya. Nyumbani, mzazi hutenga kama dakika 10 hadi 15 kila siku za kuzungumza na mtoto kwa mchezo au kitabu cha picha. Mtoto anaposema bila kukwama, mzazi humsifu kwa kiasi: "Hapo umesema laini kabisa." Mara chache tu, na kwa upole, humtajia pale neno lilipogonga. Sifa lazima ziwe nyingi mno kuliko masahihisho.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika New Zealand kwa watoto 54. Baada ya miezi tisa, waliofuata njia hii walikuwa wamepungua kigugumizi kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko wenzao ambao hawakuifuata. Hata hivyo tunatahadharisha: mzazi asianze kumsahihisha mtoto kwa kusoma makala hii tu. Kipimo cha sifa na masahihisho ni kama kipimo cha dawa, hutolewa na mtaalamu.

Kanuni ya tatu: Tengeneza mazingira ya mtoto

Ipo njia nyingine ambayo haimgusi mtoto moja kwa moja, bali huwafundisha wazazi kupunguza mzigo ulio juu ya ulimi wake. Mzazi hupunguza kasi ya kusema kwake, hunyamaza kidogo kabla ya kujibu, hupunguza maswali ya mfululizo, na huhakikisha kila mtu nyumbani anapata zamu ya kusema bila kukatizwa.

Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuzilinganisha njia hizi mbili kwa watoto 199. Baada ya mwaka mmoja na nusu, zaidi ya watoto saba katika kila kumi walikuwa hawana kigugumizi, katika makundi yote mawili. Hii ni habari njema kwetu sisi ambao wataalamu ni wachache, kwa sababu mengi katika njia hii ya pili hayana madhara na yanaweza kuanza leo nyumbani kwa kila mmoja:

Mwangalie mtoto usoni anaposema, na usubiri amalize. Usimmalizie neno. Usimwambie "pumua kwanza", "tulia" au "anza tena". Maneno haya hutoka kwa mapenzi, lakini mtoto huelewa kuwa amekosea.

Sema naye polepole wewe mwenyewe. Mtoto huiga kasi ya mama na baba. Kumwambia "sema taratibu" huku wewe unakimbia na maneno hakumsaidii.

Mpe angalau dakika tano kila siku peke yake, bila simu, bila redio, bila ndugu zake. Zungumzeni analolitaka yeye.

Usimlazimishe kusoma sura au kuimba qasida mbele ya wageni. Akitaka mwenyewe, mwache.

Msifu kwa alichosema. Akikuletea habari ya kuku aliyetaga, furahia yai hilo, usihesabu alikwama mara ngapi.

Kanuni ya nne: Kutoka jepesi kwenda zito

Kanuni hii haipaswi kuwa ngeni kwa Waislamu, kwa kuwa ndiyo iliyojengewa elimu ya tajwidi. Mwanafunzi haanzi na Suratul-Baqara. Huanza na makharija ya herufi moja, kisha herufi na irabu, kisha neno, kisha aya fupi. Wanazuoni wetu walishughulika na jambo hili karne nyingi kabla ya hospitali za leo. Ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, aliandika risala maalumu kuhusu jinsi sauti za herufi zinavyotokea, akieleza na maumbile ya koo na ulimi.

Mtaalamu wa usemi hufuata ngazi kama hiyo. Mgonjwa hufanya mazoezi ya kuanza sauti kwa ulaini katika neno moja. Akilimudu, huenda kwenye maneno mawili, kisha sentensi, kisha kusimulia kisa. Na kuna ngazi ya pili inayokwenda sambamba nayo: kwanza anasema akiwa na mama tu, kisha na mtu wa tatu, kisha dukani, kisha kwenye simu, kisha darasani. Hapandi daraja mpaka ile ya chini imekuwa imara. Mtoto anayesema vizuri kliniki na kukwama shuleni hajashindwa. Ngazi ya pili haijamalizika tu.

Kanuni ya tano: Kwa wakubwa, tibu hofu pamoja na ulimi

Kwa kijana na mtu mzima, kigugumizi kinachosikika huwa ni sehemu ndogo. Kubwa zaidi limejificha: hofu, aibu na mbinu za kukwepa. Wapo wanaobadili neno gumu kwa jepesi, wanaoagiza chai dukani wakati wanataka soda, na wanaotaja jina lisilo lao kwa kuwa lao linawakwama. Katika historia yetu anatajwa Wasil bin Ataa wa Basra, aliyefariki mwaka 131 Hijria. Yeye alishindwa kutamka herufi ra, na inaelezwa kuwa aliweza kutoa hotuba nzima bila ya kuitumia. Tatizo lake lilikuwa la matamshi, lakini mfano wake unaonyesha ukwepaji unaweza kufika wapi. Watu walistaajabu kipaji chake. Kwa mtu wa kawaida, kuishi kwa kukwepa namna hiyo ni mzigo mzito.

Charles Van Riper, mtaalamu wa Marekani aliyefariki mwaka 1994, alikuwa mwenyewe na kigugumizi. Aliyapanga matibabu katika hatua nne. Kwanza mgonjwa hukitambua kigugumizi chake: kinatokea wapi, kwa sauti gani, na mwili unafanya nini. Pili hupunguziwa woga, hata kwa kukwama makusudi mbele ya watu mpaka aone kuwa hakuna msiba uliotokea. Tatu hujifunza kukwama kwa ulaini. Akikwama husita, kisha hulirudia neno kwa utaratibu. Baadaye hujifunza kujitoa katikati ya neno, na mwisho kujiandaa kabla ya kulifikia. Nne, huimarisha aliyojifunza mpaka awe mwalimu wa nafsi yake.

Mfalme George wa Sita wa Uingereza alianza kutibiwa na Lionel Logue, raia wa Australia, mwaka 1926, miaka kumi kabla ya kutawazwa. Hakupona kabisa, lakini aliweza kulihutubia taifa lake kwa redio vita vilipoanza mwaka 1939. Kwa mtu mzima, mafanikio ni kuweza kusema analotaka, kwa anayemtaka, bila ya kuogopa.

Kanuni ya sita: Kudumu na mazoezi

Kigugumizi kina tabia ya kurudi. Kwa hiyo mtaalamu hamwachi mgonjwa siku anapoanza kusema vizuri. Humpunguzia mahudhurio kidogo kidogo, pengine kwa muda wa mwaka mzima. Dakika chache kila siku zina faida kuliko saa nzima mara moja kwa juma. Na hili nalo Waislamu tunalijua, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile ya kudumu japokuwa ni kidogo.

Mambo ya kujiepusha nayo

Kukata ulimi au kimeo. Wapo wanaowapeleka watoto kukatwa kimeo, au kukatwa kile kiuzi cha nyama kilicho chini ya ulimi, wakidhani ndicho kinachofunga maneno. Kosa hili lilifanywa hata na madaktari wakubwa. Mwaka 1841 daktari wa upasuaji wa Berlin, Johann Dieffenbach, aliwakata ndimi watu wenye kigugumizi. Upasuaji huo uliachwa kwa sababu ya hatari zake na kwa kuwa haukuponya. Kigugumizi hakitoki kwenye nyama ya ulimi. Kinachopatikana kwa wembe wa mtaani ni kutokwa na damu nyingi, pepopunda na maambukizi, yakiwemo ya virusi vya Ukimwi.

Dawa za kunywa. Mpaka sasa mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa yoyote kwa ajili ya kigugumizi. Anayekuuzia mizizi au vidonge kwa ahadi ya kukimaliza kwa siku saba, muulize alipima vipi.

Dua ni ibada na silaha ya Muumini, na mzazi asiache kumuombea mwanawe. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na akatueleza kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na ponyo. Dua na daktari havigombani.

Kumkaripia, kumpiga na kumwiga. Mwaka 1939, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, ulifanyika utafiti kwa watoto yatima 22, chini ya usimamizi wa Wendell Johnson wa chuo kikuu cha jimbo hilo. Baadhi yao walikuwa wakisema vizuri kabisa, lakini waliambiwa kuwa wana dalili za kigugumizi na wakawa wanakosolewa kila wasemapo. Hawakugeuka kuwa na kigugumizi cha kweli, lakini walijikunja, wakaogopa kusema, na baadhi waliishi na majeraha hayo ya moyo hadi uzeeni. Chuo hicho kiliomba radhi mwaka 2001. Ikiwa maneno ya kukosoa yaliwafanya hivyo watoto wasio na tatizo, je, yatamfanya nini mtoto ambaye tayari ulimi wake ni mzito? Na Allah (s.w.) katika Suratul-Hujurat ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. "Kigugumizi" si jina la mtoto.

Nasaha kwa maustaadh

Madrasa ndipo mahali ambapo mtoto mwenye kigugumizi anaweza kuinuliwa au kuvunjwa. Jambo la kwanza kulijua ni hili: karibu kila mwenye kigugumizi husoma bila ya kukwama anaposoma pamoja na wengine kwa sauti moja, na huimba bila ya kukwama. Ndiyo maana mtoto husikika vizuri katika kundi, kisha akiitwa peke yake anakwama. Ustaadh asiyejua hili hudhani kuwa kundini alikuwa akifuatisha tu na hakuhifadhi. Bakora inafuata. Siku ya pili mtoto anakuja na hofu maradufu, na ulimi unakwama zaidi.

Tunawashauri maustaadh wafanye haya. Zungumza na mtoto faraghani, umuulize namna gani ingemsaidia. Ukitaka kumsikiliza alichohifadhi, anza kusoma naye, kisha punguza sauti yako taratibu kadiri anavyoendelea. Au msikilize pamoja na mwenzake mmoja. Usimweke mwisho wa mstari akingoja zamu huku woga ukimpanda, mwite mapema. Akikwama, ngojea kwa uso wa kawaida. Na anayemcheka akatazwe papo hapo, mbele ya wote. Kusoma kwa pamoja hakuponyi, lakini kunaonyesha elimu aliyonayo na kumlindia heshima yake.

Tena ustaadh amkumbushe mtoto bishara aliyoitoa Mtume (s.a.w.) katika hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa anayesoma Qur'an kwa kukwamakwama, na ikawa nzito kwake, ana ujira mara mbili.

Ama kuhusu sala, mwenye kigugumizi asiingiwe na wasiwasi. Sala yake inasihi, kwani Allah haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Katika madhehebu ya Shafi, hata akiwa imamu na akarudia herufi bila ya kukusudia, sala inasihi, ijapokuwa kutanguliza mwingine ni bora. Kwa ufafanuzi zaidi waulizwe masheikhe.

Wapi pa kwenda

Wataalamu wa tiba ya usemi bado ni wachache katika Afrika Mashariki, na wengi wako katika miji mikubwa. Anza na kituo chako cha afya au kliniki ya watoto, ueleze tatizo, na uombe rufaa ya kwenda hospitali yenye idara ya masikio, pua na koo. Huko mtoto atapimwa usikivu na kuelekezwa kwa mtaalamu kama yupo. Nenda na daftari la alama za kila siku. Litamwokolea daktari muda mwingi. Kama mtaalamu yuko mbali, muombe akupe mpango wa kufuata nyumbani na tarehe ya kurudi.

Tahadhari moja ya mwisho. Mtu mzima ambaye hakuwa na kigugumizi maisha yake yote, kisha ulimi ukamkwama ghafla, au maneno yakapotea, au mdomo ukapinda, asingojee wala asitafutiwe kombe kwanza. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kiharusi. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Ndugu Waislamu, mtoto mwenye kigugumizi ana mengi ya kusema. Ana maswali, ana visa, ana Qur'an kifuani mwake. Anachohitaji kwetu kabla ya kitu chochote ni subira ya nusu dakika. Nusu dakika hiyo haitupunguzii chochote, na kwake ni sehemu ya tiba.

Tunamuomba Allah (s.w.) awakunjulie vifua watoto wetu, awafungulie mafundo ya ndimi zao na atujaalie sisi wazazi na walimu kuwa wasaidizi wao. Juma lijalo, Insha Allah, tutazungumzia kithembe na watoto wanaochelewa kusema.

Wabillahi Tawfiq.